Meli Haina Shemeji

Wazee wetu wa pwani, walipotaka kuabiri jahazi kwenda Maskati, hawakupata kusumbuliwa na suala la kufika bandarini mapema kiasi gani, kwa kuwa jahazi lenyewe halikujua litaondoka siku gani: nahodha alikuwa akizingojea pepo za kusi, pepo zikingojea majira ya tanga mbili yapite, na abiria akiwangojea wote, akila tende barazani, akiwaaga jamaa zake leo na kuwaaga tena kesho, hata jamaa wakaanza kuona haya kumlilia. Aliyechelewa kwa siku kadha huenda akalikuta jahazi bado limelala pwani. Na aliyelikosa kabisa alijua la kufanya, nalo ni kurudi nyumbani kwake kuungojea msimu wa mwaka wa pili. Hiyo ilikuwa taabu, walakini haikuwa wasiwasi, na baina ya mambo hayo mawili pana masafa makubwa.

Meli za kitalii za zama hizi zina ghorofa juu ya ghorofa, zina mabwawa ya kuogelea na maduka na thieta, lakini subira hazina. Tiketi zetu zilisema kwamba meli itang'oa nanga bandari ya Miami siku ya Jumapili, saa kumi na nusu alasiri. Na chini yake, kwa herufi ndogo zilizokusudiwa wenye macho mema peke yao, ziliongeza kwamba lango litafungwa saa tisa. Wala hilo si ukorofi wa wenye meli. Sheria yataka orodha kamili ya abiria iwafikie maofisa wa forodha wa Marekani dakika 60 kabla ya meli kuondoka, rubani wa bandari ameitwa kwa saa yake, gati inalipiwa, na huko mbele bandari nyingine imekwisha kuiwekea meli hiyo nafasi ambayo haitamngojea mtu aliyekwama njiani na sanduku lake. Meli haina shemeji wala jirani, na ukiisihi haikusikii.

Sisi tulikuwa Toronto, mwezi ulikuwa Januari, na baina yetu na meli palikuwa na safari ya ndege ya saa tatu na kitu, pamoja na mambo yote ambayo Mwenyezi Mungu huweza kuyaleta katika saa tatu na kitu. Basi ukoo ukaketi kitako kulijadili suala moja tu: turuke lini?

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mhasibu mstaafu ambaye huzihesabu dakika kama mwenye duka ahesabuvyo senti, alisema Alhamisi. Hoja zake alikuwa amezipanga katika daftari. Ndege huchelewa, alisema, na mizigo hupotea, na theluji haina ahadi na mtu. Naye anayewasili asubuhi ile ile ya kuondoka ameiweka rehani safari nzima kwa ndege moja. Likizo imelipiwa, na fedha hairudi kwa sababu ya kwamba mtu alikwama uwanjani. Alipokwisha kusema alilifunga daftari lile kwa taadhima, kama kwamba shauri nalo limefungwa.

Mpwa wake, kijana wa dada yake mdogo, alisema Jumapili. "Mjomba," akasema kwa adabu ambayo ndani yake mlikuwa na kicheko, "ndege ya saa kumi na mbili alfajiri hufika Miami kabla ya saa tatu na nusu. Uwanja wa ndege uko maili kama nane tu kutoka bandarini, na tangu mwaka wa 2014 pana njia ya chini ya bahari inayokutoa moja kwa moja kisiwani Dodge, zilipo meli zenyewe. Nitafanya nini huko tangu Alhamisi? Kawia ufike, mjomba."

"Methali hiyo," shemeji akajibu, "waliitunga watu waendao kwa miguu. Anayekawia na meli hafiki. Hubaki gatini akapunga mkono."

Kijana hakushindwa. Akaleta kisa cha Titanic, iliyoondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, na cha ndugu watatu wa ukoo wa Slade waliokuwa wameandikwa kazi ya makaa ndani yake. Inasimuliwa kwamba walikaa kilabuni mpaka dakika za mwisho, wakazuiwa njiani na gari moshi lililokuwa likikatiza, na walipofika mbio ngazi ilikuwa imekwisha kuondolewa; wakabaki nchi kavu wakilaani bahati yao, na kwa sababu hiyo wakaishi. "Waliowahi wote waliwahi nini?" akauliza. Shemeji alikohoa. Ni vigumu kuijibu hoja ya namna hiyo bila ya kuonekana kwamba unawatakia watu wafe kwa wakati.

Kijana akaona amepata upenyo. Akasema kwamba hata akiachwa Miami hakuna msiba, maana bandari ya kwanza katika ratiba yetu ilikuwa Key West, kule kule Florida, na kwa gari ni mwendo wa saa nne hivi. Ataidaka huko asubuhi yake, akiwa amelala vyema kuliko sisi. Hapo shemeji alitabasamu tabasamu la mtu aliyekuwa akingojea tangu asubuhi aambiwe neno hilo. Akalifungua daftari. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka wa 1886, alisema, isiyoiruhusu meli yenye bendera ya kigeni kuwachukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha katika bandari nyingine ya nchi hiyo hiyo. Na meli yetu, kama zilivyo meli nyingi za aina yake, ilikuwa na bendera ya Bahama. Anayepandia Miami na kurudi Miami hana kosa, kwa kuwa amezunguka akarejea pale pale. Lakini anayepandia Key West na kuteremkia Miami amesafirishwa baina ya bandari mbili, na sheria hiyo, iliyotungwa ili kuzilinda meli za Marekani zenyewe, humlipisha mwenye meli faini. Kwa hivyo wangemwona gatini, wangemtambua kwa jina, na wasingempandisha. Ingembidi arejee kwenye ndege na aikimbilie meli katika nchi ya kigeni, pasi yake mkononi na nauli mfukoni. Kijana alinyamaza, akaomba chai.

Mke wangu alikuwa amesema maneno machache tangu mwanzo, wala hakuna aliyeyaandika. Alisema turuke Jumamosi asubuhi: ndege ikikwama, iko nyingine jioni na nyingine Jumapili alfajiri; isipokwama, tutalala hoteli usiku mmoja, tuamke tumepumzika. Rai hii ilikuwa na kasoro kubwa, nayo ni kwamba haikuwa na mtu wa kuipinga. Na katika baraza la ukoo wetu, rai isiyo na adui haipati hata mtetezi. Mwishowe shauri lilikatwa kwa haki ya umri: wazee tutaruka Alhamisi pamoja na shemeji, na kijana, aliyejinunulia tiketi yake, atakuja kwa njia yake na kwa dhima yake.

Alhamisi ikafika, na theluji ikafika pamoja nayo. Uwanjani Toronto tulikutana na Marekani kabla ya kuiona, kwa kuwa maofisa wake wa uhamiaji wamo humo humo, nao humkagua msafiri kabla hajapanda ndege, hata ashukapo Miami hutoka nje kama mtu aliyetoka jimbo jirani. Hayo yalikwenda salama. Kisha tukapanda, milango ikafungwa, na ndege ikaenda kusimama mahali pa kuogeshwa, maana ndege yenye barafu mbawani hairuhusiwi kuruka. Magari yenye mikono mirefu yaliimwagia dawa ya moto yenye rangi ya machungwa, ya kuiyeyusha barafu. Baadaye dawa nzito ya kijani, ya kuizuia isirudi. Na kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwa muda maalumu, na foleni ya ndege ilikuwa ndefu kuliko muda huo, tukarudishwa kuogeshwa upya. Abiria wengine waliguna. Shemeji peke yake aling'aa uso. Kila tangazo la kuchelewa lilipotolewa aligeuka nyuma akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mnaona?"

Tuliona. Nilitamani kumwambia kwamba theluji ile ilikuwa theluji ya Alhamisi, na kwamba asiyeruka Alhamisi hakuwa na shughuli nayo. Lakini nilipoiangalia furaha yake niliona si uungwana kumnyang'anya mtu mzima kitu alichokipata kwa jasho lake.

Siku za kutangulia zina bei, na bei hiyo haikuwamo katika daftari. Januari ndio msimu wa watu wa kaskazini kuikimbia baridi, na hoteli za Miami zalijua hilo kuliko wao. Yetu ilikuwa karibu na uwanja wa ndege. Ilikuwa na gari la bure, nalo lilikwenda uwanjani tu, mahali ambapo haja yetu ilikuwa imekwisha. Tulikula, tukalipa, tukapanda teksi kwenda kuitazama bahari ile ile ambayo tulikuwa tumekwisha kulipia kukaa juu yake, tukarudi, tukalipa. Shemeji hakutoka sana. Aliketi mbele ya televisheni akifuatia habari za hali ya hewa ya Toronto kwa moyo ambao sijapata kumwona nao hata katika habari za vita.

"Kaka," mke wangu akamwuliza, "wawaombea watu theluji?"

"Siombi," akasema. "Naangalia tu."

Lakini mtangazaji alipobashiri kwamba Jumapili mbingu zitakuwa safi mji mzima, aliizima televisheni kwa mkono mzito, akaenda kulala bila ya kutuaga.

Jumapili asubuhi, kabla hatujamaliza chai, kijana alituletea kwa simu picha ya mnazi. Alikuwa amewasili saa tatu na robo. Sisi tukaenda bandarini mapema mno, hata tukaambiwa kwamba kila abiria amepangiwa saa yake ya kuingia, na yetu ilikuwa saa saba. Kijana, aliyejichagulia saa ya mapema kwa simu yake, alitupita pale nje penye benchi, akatuamkia kwa heshima, akaingia. Mahamali wakaja wakayachukua masanduku, wakayapachika vibandiko vya namba za vyumba, wakayatia katika matundu ya chuma yaendayo melini. Maana mizigo huko haipandi na mwenyewe, huikuta mlangoni mwa chumba jioni.

Saa saba ikatimu. Tukafika kwa karani, binti mpole, naye akatutaka pasi. Shemeji, aliyekuwa amejitwika amana ya pasi zetu zote, alitabasamu, akatia mkono katika mfuko wa koti. Kisha katika mfuko wa pili. Kisha akasimama akitazama mbali. Usiku uliotangulia, kwa hofu ya wezi wa mifukoni, alikuwa amezifunga ndani ya kifuko cha ngozi, na kifuko akakizamisha katikati ya kanzu zake, ndani ya sanduku. Pasi zetu zilikuwa zimekwisha kuingia melini. Zilikuwa na bidii kuliko sisi.

Karani hakushangaa, jambo lililotupa faraja kidogo. Akapiga simu, akauliza sanduku lina rangi gani. Shemeji akasema ni jeusi. Ikabainika kwamba masanduku yote ya wanadamu ni meusi. Hapo mke wangu akasema kwamba mkononi mwa sanduku hilo amefunga kipande cha leso, chekundu, alichokifunga siku ya kuondoka nyumbani ilhali kaka yake akinung'unika kwamba chamvunjia hadhi. Tukaketi. Saa nane ikapita. Shemeji akawa anaitazama saa ya ukutani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema juu ya dakika. Saa nane na dakika arobaini akatokea hamali mmoja akiliburura sanduku, na leso ikipepea.

Usiku ule mezani, kijana akiwa amekwisha kula mchana, kuogelea na kulala, shemeji aliwasimulia majirani zetu wa meza kisa chote, akakifunga kwa hukumu: "Lau tusingaliwahi Alhamisi, tungaliachwa." Kijana akainamisha kichwa. "Lau mngalikuja nami asubuhi, mjomba, msingalipata wasaa wa kuzificha pasi." Majirani wakamtazama huyu, wakamtazama yule, wakashindwa kuamua, na mimi nikafahamu kwa nini suala hili halijapata kumalizwa na uzoefu. Anayetangulia akafika salama husema ni kwa sababu ya kutangulia. Anayekuja dakika za mwisho akafika salama husema kutangulia ni upuuzi. Na safari moja humpa kila mtu ushahidi alioutaka kabla ya kusafiri. Nijuavyo mimi, siku moja yatosha, kwa kuwa ndege iliyokwama Jumamosi huwa imepata nduguye kabla ya Jumapili mchana. Siku zinazozidi hapo hazimlindi mtu na theluji, humpa tu nafasi ya kuzua mashaka yake mwenyewe, ambayo hayahitaji baridi.

Shemeji alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwakani tutaruka Jumatano. Mke wangu hakumjibu. Alinyosha mkono juu ya meza, akadai pasi zote, akazihesabu, akazitia mkobani mwake, kisha akamwomba mwandazi aongeze wali.