Jinsi ya Kumwajiri Mpiga Ngoma Asiyechoka

Unataka kujiundia saa ya kidijiti nyumbani? Basi acha kwanza kubishana juu ya rangi ya tarakimu. Tarakimu ni wachezaji tu. Watafuata mdundo wowote watakaopigiwa, wa kweli au wa uongo. Anza kwa kumtafuta mpiga ngoma: kitu kitakachopiga mara moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kusinzia.

Wa kwanza kubisha hodi huwa ni chipu ya 555. Bei yake ndogo, na ukimpa rezista mbili na kapasita moja anaanza kudunda papo hapo. Mkaribishe chai, kisha muage kwa heshima. Mdundo wake unategemea rezista na kapasita, na hizo hubadilika kwa joto na kwa umri. Siku ina sekunde 86,400. Akikosea asilimia 1 tu, umepoteza sekunde 864, yaani dakika 14 na ushei, na kesho anaongeza nyingine. Anafaa kuwashawasha taa za mapambo.

Wa pili anatoka ukutani. Umeme wa gridi yetu Afrika Mashariki huzunguka mara 50 kwa sekunde. Gawanya kwa 50, sekunde yako hiyo. Tatizo ni kwamba mdundo wake uko mikononi mwa wengine. Mapema mwaka 2018, mzozo wa umeme kati ya Kosovo na Serbia ulishusha kidogo mno kasi ya gridi ya Ulaya bara, na kufikia Machi saa za majikoni zinazofuata gridi hiyo zilikuwa zimechelewa karibu dakika 6. Kwetu hata mzozo hauhitajiki: umeme ukikatika, mpiga ngoma kaondoka na ngoma yake. Ukimtaka hata hivyo, chukua mdundo upande wa volti ndogo wa transfoma. Usiunganishe saa moja kwa moja na soketi; hakuna sekunde yenye thamani ya uhai wako.

Ninayemtetea mimi ni wa tatu, naye pengine yumo nyumbani mwako. Fungua saa ya ukutani iliyokufa, ile ya betri moja. Utaona kikopo kinachong'aa, chembamba kama kijiti cha kiberiti, kifupi kuliko punje ya mchele mrefu, chenye miguu miwili kama nywele. Hicho ndicho kristali. Ndani yake kuna kipande cha kwatzi kilichochongwa kama uma wa meno mawili, na meno hayo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Mchomee upesi kwa pasi ya lehemu, maana joto likikawia miguuni humharibu.

Kwa nini namba hiyo? Chukua karatasi uigawe kwa 2: 16,384, kisha 8,192, kisha 4,096. Endelea. Mara ya 15 unatua juu ya 1 kamili, bila baki. Mimi hesabu hii hunifurahisha kila nikiifanya. Chipu ya 4060 humpigisha kristali na kumgawanya pia, lakini hugawanya mara 14 tu, ikakuachia midundo 2 kwa sekunde. Hapa wengi huteleza. Ongeza hatua moja kwa nusu ya chipu ya 4013. Ukisahau, saa uliyoiwasha saa sita usiku itakuwa imemaliza siku nzima ifikapo saa sita mchana.

Sasa mfundishe adabu. Kristali wa kawaida hukosea hadi sehemu 20 katika milioni, karibu sekunde 1.7 kwa siku. Weka kapasita ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi kwenye mguu wake mmoja: ukiongeza uwezo wake, mdundo unapungua kasi, ukiupunguza, unakaza mwendo. Usigusishe waya wa kipimo kwenye miguu ya kristali, kwa sababu kipimo chenyewe humchelewesha. Pimia kwenye tundu la kutokea la chipu. Tena mweke mbali na kirekebisha volti kinachochemka. Anapenda nyuzi joto 25 hivi, na kukizidi joto au baridi hupunguza mwendo.

Usimpime kwa dakika tano. Mlinganishe na simu inayopokea saa ya mtandao, kisha mwache siku 7. Ametangulia sekunde 6? Hilo ni kosa la sehemu 10 katika milioni, na mzunguko mdogo wa bisibisi unalitosha. Asiye na subira anunue chipu ya DS3231, inayopima joto lake yenyewe na kujirekebisha. Kwa hali ya kawaida ya nyumbani haikosei zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka.

Lakini jaribu kwanza huyo wa kikopo. Andika leo kwenye daftari tarehe na sekunde uliyoiweka, na bisibisi usiishike tena hadi wiki ijayo siku kama ya leo.