Sifa kwa Shingo Iliyochelewa Kuuma

Magonjwa mengi hapa kwetu yana heshima yake. Malaria ina siku yake duniani, tarehe 25 Aprili, yenye mabango, fulana na mgeni rasmi. Kifua kikuu kina yake, 24 Machi. Mfupa uliovunjika umejengewa taasisi nzima pale Muhimbili, na mwenye plasta mguuni hupishwa kiti kwenye daladala hata na vijana waliojiziba masikio kwa muziki. Yapo lakini maumivu ambayo hayajawahi kupata wa kuyasifu: maumivu ya shingo yanayokuja kesho yake, au kesho kutwa, baada ya gari lako kugongwa nyuma kidogo tu, ajali isiyostahili hata mstari mmoja gazetini. Nyumbani yanaitwa deko. Kwenye ofisi za bima yanaitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Basi leo nayasimamia mimi, maana hayana ndugu.

Nianze na adabu yake. Chukua ajali ya kawaida kabisa, foleni ya jioni Barabara ya Sam Nujoma, ukikaribia Mwenge. Gari la mbele limesimama, la nyuma halikusimama. Kishindo. Bampa limebonyea, taa moja imepasuka, kioo kimesambaa kwenye lami. Maumivu yasiyo na malezi yangefika hapo hapo na kuanza kupiga kelele, shughuli nzima ikaharibika. Haya yanajua kwamba barabarani sasa kuna baraza, na baraza lina utaratibu wake. Madereva wanashuka. Bodaboda watatu wanajiteua mashahidi, ingawa mmoja wao alifika baada ya kishindo. Mama wa mahindi ya kuchoma anatoa hukumu kabla ya ushahidi. Mzee mpita njia anawaambia wamshukuru Mungu, ni bati tu. Nyuma yao honi za nusu ya wilaya zinawasihi wawe na huruma.

Ndipo linatamkwa lile neno ambalo nadhani limemaliza kesi nyingi za barabarani kuliko mahakama: tumalizane. Aliyegonga anakadiria bei ya bampa. Aliyegongwa anakadiria mara mbili. Fundi ambaye hakuna aliyemwita anakadiria mara tatu na kutaja duka la vipuri Gerezani ambalo, kwa bahati njema, ni la shemeji yake. Inatolewa nusu taslimu, nusu kwa simu. Anayejiona mjanja anachana karatasi ya daftari na kuandikia juu ya boneti kwamba mimi fulani nimelipwa kiasi fulani na sina madai mengine yoyote, leo wala baadaye. Wanatia saini. Katika muda wote huo shingo imekaa kimya. Dereva akiulizwa kama ameumia, anajipapasa kidogo na kujibu, "Niko poa kabisa kaka, hakuna neno." Na anasema kweli tupu. Maumivu haya hayamfanyi mtu mwongo palepale; yanasubiri keshokutwa.

Kuchelewa kwake si uvivu, ni kazi inayofanyika kwa utaratibu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4 hadi 5, nacho kimebebwa na nguzo nyembamba kuliko tunavyopenda kukiri. Gari likisukumwa kwa ghafla, kiti kinakipeleka kiwiliwili mbele, kichwa kinabaki nyuma, halafu kinarushwa kukifuata. Yote hayo hayamalizi hata sekunde moja. Misuli na kano zinavutwa kupita kipimo chake. Wakati huo mwili umeshajimwagia adrenalini, na mwenye adrenalini ana ushujaa wa kukopa: anaweza kubishana bei ya bampa kwa nusu saa bila kujua kinachoendelea chini ya kola yake. Uvimbe nao unahitaji saa kadhaa kujikusanya. Asubuhi, mkopo umekwisha, na mwenye deni anakuta shingo imekuwa gogo.

Hapo ndipo inaanza hadhi mpya. Mtu aliyezoea kugeuza kichwa kila anapoitwa sasa anageuka mwili mzima, polepole, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Ofisini wanadhani amepandishwa cheo. Nyumbani wataalamu wanajitokeza bila kulipwa: mmoja anasema amelalia mto vibaya, mwingine anasema ni upepo wa feni, wa tatu amekwishaleta mafuta ya karafuu na ameanza kuchua kabla hajaruhusiwa. Hakuna anayeitaja ajali, maana ajali iliisha juzi juu ya boneti.

Maumivu haya pia yana unyenyekevu, jambo adimu katika zama ambazo hata sahani ya chipsi mayai haiguswi kabla ya kupigwa picha. Yenyewe hayapendi picha. Unakwenda hospitali, unapigwa eksirei, inarudi safi, na daktari anaitazama kwenye mwanga kwa namna inayokufanya uombe radhi. Eksirei inaonyesha mifupa. Msuli uliovutika haiuoni. Wataalamu hata hivyo wanayajua maumivu haya tangu zamani. Harold Crowe, daktari wa mifupa wa Marekani, aliyapa jina mwaka 1928, na mwaka 1995 jopo la wataalamu la Québec, Kanada, liliyapanga madaraja, kuanzia sifuri kwa asiye na malalamiko hadi nne kwa aliyevunjika au kuteguka pingili. Wengi wetu tunaangukia la kwanza na la pili: unaumwa kweli, na eksirei haina cha kuonyesha. Siku hizi matabibu hawapendi hata kukuvalisha kola kwa muda mrefu. Wanataka uigeuzegeuze shingo taratibu na uendelee na kazi zako. Yaani hata ule ushahidi mmoja ambao jirani angeuona kwa macho, umenyimwa. (Mkono ukifa ganzi, au kichwa kikiuma kwa nguvu na kutapika, hapo mzaha umeisha: rudi hospitali siku hiyohiyo.)

Uingereza wameyaheshimu mpaka wakayatungia sheria. Sheria ya mwaka 2018 ilizaa orodha ya bei iliyoanza kutumika England na Wales tarehe 31 Mei 2021: shingo iliyouma kwa muda usiozidi miezi mitatu, pauni 240, iliyouma zaidi ya miezi 18 hadi 24, pauni 4,215. Mwaka 2025 bei zikapandishwa, kama zinavyopandishwa za kila bidhaa inayotafutwa. Na bima hairuhusiwi kumalizana nawe kabla ya ripoti ya daktari. Fikiria hilo pale Mwenge.

Wapinzani wapo, na si haki kuwaficha. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Lithuania, nchi ambayo wakati ule fidia za shingo zilikuwa karibu hazijulikani. Watafiti waliwahoji madereva 202 waliokuwa wamegongwa nyuma mwaka mmoja hadi mitatu kabla, na hawakuona tofauti ya maana kati yao na watu ambao hawakuwahi kugongwa. Wakadiriaji wa bima duniani wanaupenda utafiti huo kwa moyo wao wote. Wanachokitaja mara chache ni ule uliofuata, mwaka 1999, hukohuko Lithuania, ambao uliwafuatilia watu tangu mwanzo: karibu nusu waliumwa shingo au kichwa, kisha wengi wakapona ndani ya siku chache. Mimi nasoma hivi: maumivu ya mwanzo ni ya kweli hata pale pasipokuwa na senti ya kuyalipa. Yale ya miaka mingi wabishane wenyewe.

Nimeyasifu maumivu, sasa nimsifu pacha wake, dai. Nadhani walizaliwa tumbo moja, maana mwendo wao ni ule ule. Mwenye shingo anaanzia kituo cha polisi, ambako afande anamuuliza swali la haki kabisa: ajali ilikuwa lini, na siku zote hizo ulikuwa wapi? Kama palepale barabarani mlimalizana bila kuripoti, hakuna RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na bila RB ajali yako ni ngano. Kama iliripotiwa, unapata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, daktari anaijaza, na elimu inaanza. Watu waliomaliza shule miaka 20 iliyopita wanarudi kusoma namba: PF90 ni taarifa ya polisi kuhusu ajali, PF93 ni ukaguzi wa gari, halafu kuna ramani ya ajali, risiti za matibabu, leseni, na bima ya aliyekugonga. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote: namba ya gari inatosha kuhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ukiwa umesimama palepale barabarani, kabla mwenzako hajapokea ile simu ya dharura kutoka kijijini.

Unajifunza pia yale ambayo wakala hakukueleza alipokuuzia. Bima ndogo uliyokata inamlinda unayemgonga. Shingo yako wewe inategemea bima ya aliyekugonga. Kwa hiyo mtu aliyegonga kwa uzembe wake akiwa na bima ndogo atauguza shingo yake kwa mfuko wake, huku ile ya mwenzake ikiwa na wa kuilipia. Ni mpango wenye upendo wa jirani ndani yake, na sijui kwa nini mahubiri hayautumii.

Kisha inafika zamu ya ofisi ya bima, ambayo sitaitaja kwa sababu zote zina mwendo mmoja. Hapo dai linakujengea undugu. Mlinzi anakusalimu kwa jina. Dada wa mapokezi anakuuliza habari za watoto na kukuambia kwa upole kwamba faili limepanda juu. Ukirudi, limeshuka. Wanasubiri taarifa ya polisi. Polisi wanasubiri mpelelezi. Mpelelezi yuko kozi. Mkadiriaji anakuja siku moja na swali lenye mantiki isiyopenyeka: bado inauma? Ukisema imepona, basi haikuwa kitu. Ukisema bado, basi unaigiza, kwa sababu shingo ya kweli ingekuwa imepona kwa muda wote huu ambao wao wamekaa na faili. Napenda sana hoja hiyo. Wanaodai kwamba maumivu ya kweli huwahi ndio hao hao ambao hawajawahi kuwahi.

Na siku jibu likitoka, linatoka kwa haraka ya kushangaza. Unaitwa asubuhi, hati ipo mezani, kalamu imefunguliwa. Juu kimeandikwa kiasi kidogo, chini imeandikwa kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho. Ni ile karatasi ya daftari ya pale Mwenge, safari hii ina nembo na muhuri. Isome yote, hata dada wa mapokezi akikuambia ni utaratibu tu. Kama hukubaliani na kiasi hicho, usitie saini; waandikie kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakikataa, TIRA wanapokea malalamiko, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku utakapogongwa nyuma na kujisikia poa kabisa, ripoti hivyo hivyo. Chukua RB, omba PF3 ukapimwe, na usiandike popote kwamba huna madai. Shingo ikiuma keshokutwa, rudi kwa daktari aandike tarehe. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Ihesabu kuanzia siku ya ajali, usisubiri siku shingo itakapoamua kuzungumza.