Tozo, Idi Amin na Fainali ya Kigoma

Mtu aliyeishiwa hoja hanyamazi. Wageni wa kijiweni hawalijui hili. Hudhani hoja zikiisha watu wataagana na kwenda kulala. Wapi! Hoja ikimwishia mtu ndipo sauti inapopanda, ndipo anapoagiza kahawa nyingine, ndipo anapokumbuka kwamba babu yake alimjua Mwalimu. Mwenye hoja huongea polepole, kazi yake ni ndogo. Aliyeishiwa ana kibarua kizito: kuwasahaulisha watu wote waliokaa kwenye benchi kilichoulizwa.

Kijiwe chetu kiko Temeke, chini ya mwarobaini, ubavuni mwa kibanda cha wakala wa pesa. Kuna benchi, kuna ubao wa drafti ambao kete zake ni vizibo vya soda, na kuna muuza kahawa anayegonga vikombe vyake kila mjadala unapopoa, kwa sababu mjadala ukipoa na biashara inapoa. Wakazi wa kudumu ni mzee mmoja mstaafu wa bandari, fundi viatu, kijana wa bodaboda, na mimi. Wengine hupita, hutukana serikali au upinzani, hula kashata, huenda zao.

Julai 2021 ndipo ilipokuja tozo ya miamala ya simu. Kuanzia tarehe 15, ukituma au ukitoa pesa kwa simu serikali ilikuwa inachukua chake, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Bajeti hiyohiyo ilikuwa imeongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta, ila hilo la mafuta lilimuuma zaidi kijana wa bodaboda. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza kwa adabu zote: "Mzee wangu, hii tozo wewe unaiafiki au huiafiki?"

Mzee akakohoa kidogo. "Kijana, wewe mwaka 1978 ulikuwa wapi?"

Nilikuwa bado sijazaliwa, kwa hiyo raundi ya kwanza ikawa imeshanipita. Akatupeleka Kagera. Tukaona majeshi ya Idi Amin yakiingia Oktoba, tukaona daraja la Kyaka likivunjwa, wananchi wakitoa ng'ombe na magari bila kuuliza risiti, hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979. Kisha tukarudi naye nyumbani kwenye foleni za sukari na sabuni zilizofuata. Anajua kusimulia, siwezi kumnyima. Alipofika mwisho kahawa yangu ilikuwa imepoa, na waliokumbuka kwamba palikuwa na tozo tulikuwa wawili, mimi na wakala.

Tabu ya jibu la namna hiyo ni kwamba lina ukweli. Nchi ilijitoa kweli, watu walifunga mikanda kweli. Angekuwa amedanganya ningemkamata palepale. Lakini mzee hadanganyi. Anachukua swali dogo analijibu kwa ukweli mkubwa. Sasa nani atasimama katikati ya watu aseme Vita ya Kagera si hoja? Utaonekana kibaraka wa Amin, na kahawa utajilipia mwenyewe.

Fundi viatu yeye hana historia. Ana mpira. Na mwezi ule mpira ulimbeba: tarehe 3 Yanga walikuwa wamemfunga Simba bao 1–0 pale Uwanja wa Mkapa, na tarehe 25 walikuwa wakutane tena Kigoma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Tozo ilizaliwa katikati ya mechi hizo mbili, sijui nani alipanga ratiba. Kila nilipofungua mdomo fundi aliuliza, akiwa ameshikilia sindano, "Hivi Kigoma ule uwanja mnauonaje?" Basi. Hata mzee aliyekuwa Kagera alirudi mbio. Nilijipa moyo kwamba fainali itapita na swali litapata nafasi. Fainali ikapita, Simba wakalipiza 1–0, na baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya swali lolote hadi mwezi ukaandama.

Kijana wa bodaboda ana silaha ambayo mimi naiogopa kuliko Kagera na Kigoma zikiunganishwa. Ana mtu wake wizarani. Wizara ipi, hasemi. Mtu gani, hasemi. Ukimbana anaangalia huku na huku, anashusha sauti, anasema, "Bro, kuna mambo huyajui. Subiri tu, utaona." Utamjibu nini mtu huyo? Hajasema kitu, na kitu ambacho hakijasemwa hakipingiki. Siku moja nikamuuliza tutaona lini. Akasema mwezi huu hauishi. Nikachukua chaki ya matokeo ya drafti nikaandika ukutani, kwenye kibanda cha wakala, tarehe na ahadi. Mwezi ukaisha. Nikamwonyesha ukuta mbele ya mashahidi wote. Akausoma taratibu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mimi nilihesabu mwezi wa kuandama."

Halafu kuna lile swali la kawaida la "kwani wewe chama gani?", ambalo sitalipotezea muda. Ukijibu umekwisha, usipojibu umekwisha. Mimi husema ni chama cha waliokatwa, watu hucheka, tunaendelea.

Ukweli ni kwamba hoja za kijiweni hazina mwenyewe. Hilo nililiona mwaka 2015. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na ingawa mwenyewe alikana, kwa miaka saba jina lake lilikuwa nyundo ya wapinzani wa pale kijiweni. Ukisifia barabara, unagongwa Richmond. Ukisifia shule za kata, Richmond. Wana-CCM walikuwa na majibu yao waliyoyahifadhi kichwani: ushahidi uko wapi, mahakama gani imemhukumu, aliwajibika kisiasa tu. Kisha Julai 2015 Lowassa akahamia CHADEMA, akawa mgombea urais. Kesho yake asubuhi nilishuhudia muujiza. Waliokuwa wakigonga nyundo ndio waliouliza ushahidi uko wapi, mahakama gani imemhukumu. Na waliokuwa wakidai ushahidi ndio waliobeba nyundo. Maneno ni yaleyale, hata vituo vya kuvutia pumzi havikubadilika. Walibadilishana tu upande wa benchi. Mwaka 2019 aliporudi CCM niliwahi kijiweni mapema ili nione tena. Hakuna aliyeligusa. Muuza kahawa aligonga vikombe mpaka akachoka.

Tangu hapo niliacha kuwatafutia watu ushahidi. Niliamua kutafuta njia ya kulibakiza swali mahali pake, maana mjadala wa pale ni daladala inayokatisha ruti: umepanda ya Mbagala, unashushwa Kariakoo, na nauli hairudi.

Njia ya kwanza nilijifunza kwa Bunge. Nilikuwa nikisikiliza kipindi cha maswali na majibu, nikaona kwamba kukwepa si ufundi wa kijiweni peke yake. Waziri anasimama, anaomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo, na kinachofuata si hicho. Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo. Upembuzi yakinifu unaendelea. Litajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Lakini Bunge lina kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: swali la nyongeza. Mbunge anaruhusiwa kusimama tena. Nikalipenda. Siku ya pili mzee alipomaliza Kagera, nikasimama kabisa kutoka kwenye benchi, nikafunga kifungo cha shati. "Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kuniona. Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Waziri, nina swali dogo la nyongeza. Tozo unaiafiki au huiafiki?"

Watu walicheka hadi kete zikaanguka. Mzee mwenyewe alicheka. Na kicheko kile kilifanya kazi ambayo ukali haujawahi kufanya, kwa sababu swali lilirudi mezani likiwa zima na hakuna aliyekasirika. Mzee akajipapasa, akanywa kahawa, akasema, "Mheshimiwa Mbunge, swali hilo ni jipya. Alete kwa maandishi." Nikashindwa, lakini kwa heshima.

Njia ya pili ilikuwa kukubali. Nilisoma udhaifu wao: mtu anayekwepa anategemea ubishane na kila anachokitupa. Usipobishana, kinaanguka chini. Kwa hiyo fundi akisema, "Mbona wapinzani nao walikula ruzuku?", mimi, "Nakubali, walaaniwe. Sasa tozo?" Akisema hata Ulaya wanalipa kodi, "Nakubali, tena nyingi. Sasa tozo?" Akisema Magufuli alijenga, Nyerere alikuwa na maono, Mwinyi alifungua maduka, mimi nakubali tu. Mbinu ilikuwa inazaa matunda, nilianza kuwaona wakihema. Kasoro yake sikuiona mapema. Wapita njia walikuwa hawasikii sehemu ya "sasa tozo". Walisikia "nakubali, nakubali" kila jioni. Habari zikafika mtaani kwamba nimebadilika. Jioni moja akaja mjumbe nyumbani kwangu, amevaa vizuri, akanipongeza kwa msimamo wangu mpya, akaniachia karatasi ya mchango wa sherehe ya tawi. Mke wangu hajaisahau hadi leo.

Pamoja na vituko vyote hivyo, kuna usiku mmoja nilitembea na mzee kurudi nyumbani, wawili tu, umeme umekatika mtaa mzima. Tulikuwa tunaongea mambo ya mabomba. Mara akasema bila kuulizwa, "Lile swali lako nimelisikia tangu siku ile ya kwanza. Usidhani masikio yangu yamezeeka."

"Sasa mbona hujibu, mzee?"

"Pale kuna watu. Nikikukubalia wewe mbele ya fundi viatu, kesho ananipangia bei ya soli."

Akaingia kwake, akafunga mlango. Nikafikiri nimepata ufunguo: kumbe dawa ni kumpata mtu akiwa peke yake. Kesho yake nikajitia kumwambia kijiweni, kwa upole, "Mzee, yale ya jana usiku…" Akaniangalia akamgeukia fundi. "Huyu bwana jana alikuwa na homa, nilimsindikiza." Nikapewa pole na benchi zima.

Septemba ile serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30, na mzee alikuwa wa kwanza kutangaza. "Si niliwaambia?" alisema. Hakuwa ametuambia kitu tangu Kampala ilipoanguka, ila alisema kwa uso mkavu hadi nikajipekua kumbukumbu.

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa nane, palitokea jambo. Nilikuwa na deni la fundi, shilingi 3,000 za soli, na fundi aligundua kwamba deni hilo ni hoja. Nikigusa tozo tu, "Kwanza nilipe soli yangu, ndiyo uzungumzie uchumi wa nchi." Watu walimpigia makofi. Kusema haki alikuwa na pointi, ingawa sikuona soli inahusianaje na Bunge la Bajeti. Mfukoni sikuwa na taslimu. Nikatoa simu, nikabonyeza, nikamtumia palepale hadharani ili niwe huru kuuliza.

Simu ya fundi ikalia. Akaisoma, akaikunjia uso. "Imeingia. Mbona hujaweka ya kutolea?"

"Kwani ya kutolea shilingi ngapi?" nikauliza, wala sikuwa na hila.

Kabla fundi hajafungua mdomo, mzee akajibu, macho kwenye drafti, kidole juu ya kizibo. "Imepanda sana hiyo tangu walete mambo yao. Juzi nimemtumia mjukuu Tanga, wamenikata mpaka nikasema bora ningempa dereva wa basi."

Benchi likatulia. Muuza kahawa alishikilia vikombe bila kuvigonga. Wakala akatoa kichwa dirishani kuhakikisha amesikia sawasawa. Mzee akainua macho, akatuona tunavyomtazama, akajua tayari imeshatoka. Nikaanza kusimama taratibu, nikitafuta kifungo cha shati.

"Lakini hayo ni ya kampuni za simu," akawahi. "Serikali inahusikaje? Serikali haijui hata namba yako."

Kijana wa bodaboda, ambaye Januari 2020 alipanga foleni chini ya jua kusajili laini kwa alama za vidole, akageuka juu ya pikipiki yake.

"Basi kile kidole changu, mzee, walikitakia nini?"