Mwendawazimu wa c8

Jumamosi, katika mchezo wa kwanza wa mashindano ya sataranji, nilinyang'anywa malkia katika hatua ya 9 na mtoto ambaye miguu yake haikufika sakafuni. Leo Jumatatu, na masikio bado yanawaka.

Majivuno ndiyo yaliyoniponza. Mtoto alisukuma askari wa mfalme miraba miwili. Nikamjibu kwa mraba mmoja tu, nikamtazama kama mwalimu wa zamu. Huo ni Ulinzi wa Kifaransa, jina lililotokana na mchuano wa barua ulioanza 1834, Paris ilipoishinda London. Kifaransa tena, mjini Bujumbura! Nani angenifundisha?

Utamu wa ufunguzi huu ni ukuta unaoujenga. Tabu yake ni kwamba ukuta huohuo unamfungia ndani tembo wa upande wa malkia, ambaye sisi tuliojifunza sataranji kwa Kifaransa tunamwita mwendawazimu. Nikamwacha palepale c8. Aliyefungiwa atanisaidia nini? Malkia nikampeleka b6, akamkodolea macho askari wa d4. Nikapiga hesabu ya soko la Ruvumera: wanaomshambulia wawili, anayemlinda farasi mmoja tu, maana malkia wake amezibwa na tembo wake mwenyewe, aliyesimama d3.

Farasi wangu akala, farasi wake akala, malkia wangu akala. Hapo mtoto akamtelezesha yule tembo hadi b5, akamtisha mfalme wangu, na njia ikafunguka: malkia wake kule d1 anatazamana na wangu uso kwa uso. Sheria inataka umwokoe mfalme kwanza. Nikamwokoa.

"Pole, mzee," akaninong'oneza, na huruma ile iliniuma kuliko malkia.

Dawa ilikuwa hatua moja: kabla ya kula, mtoe mwendawazimu, msimamishe d7 awe ngao. Basi.

Mchezo wa pili simu yangu ililia, nikaandikiwa kushindwa. Wa tatu nilipata sare na mtu aliyekuwa anasinzia.

Wa nne, Jumapili, sikuucheza. Petroli hakuna, basi hakuna. Nikatembea juani kutoka Buyenzi, nikafika muda wa kusubiriwa umepita, sifuri imeshaandikwa. Malkia nilimtupa mwenyewe, sina wa kumlaumu. Ila sifuri ile siwezi kuicheka. Njiani nilimkumbuka yule wa c8: mzima wa viungo, zamu yake imefika, na waliomzibia njia ni watu wa upande wake.