Bendi ya Kopi Kwenye Harambee ya Kijiji

Bendi ya kopi ni kundi la wanamuziki wanaolipwa kupiga nyimbo za watu wengine. Haina albamu wala mashabiki wa kuitetea, na kwenye bango jina lake huandikwa chini ya mbuzi wa mnada. Kazi yenyewe si ya kudharauliwa: "Malaika", wimbo uliorekodiwa na Fadhili William, uliimbwa upya na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M. Ila hao hawakuwekwa kwenye ratiba katikati ya hotuba ya chifu na mnada wa ndizi.

Katika vijiji vya Pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi, bendi za aina hii hutegemea hoteli za Diani na Malindi. Watalii wakipungua, hushika harambee. Desturi hiyo ya kuchangishana, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya mwito wa taifa mwaka 1963, ndiyo huezeka zahanati na kununua madawati. Na kwa kuwa ni wachache wanaopenda kuchanga kimya kimya, muziki huhitajika.

Taabu huanzia ukumbini. Chini ni saruji, juu ni mabati, hivyo kila noti hurudi mara mbili kabla haijasikika vizuri mara moja. Sauti ikitoka kwenye spika huingia tena kwenye maikrofoni, hukuzwa, hutoka, huingia tena, mpaka spika zipige mluzi unaowaamsha wazee waliokuwa wamelala kwa heshima. Dawa ni kuziweka spika mbele ya waimbaji, jambo ambalo fundi mitambo hulijua. Bahati mbaya, mbele pana meza ya wageni waheshimiwa, na meza haihamishwi. Mvua ikinyesha, mabati huchukua kazi ya mpiga dramu.

Kisha huja suala la stima. Ukumbi wa kijiji huwa na soketi moja inayofanya kazi, na tayari imeshikwa na friji ya soda. Waya za ampu ya besi huchunwa ncha, huchomekwa zikiwa uchi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Stima ikikatika, magitaa, kinanda na maikrofoni hunyamaza kwa pamoja. Ngoma hazihitaji stima, kwa hiyo mpiga tumba, ambaye hufumba macho akikolea, huendelea peke yake gizani, na watoto huzidi kucheza wakidhani ndipo wimbo ulipofika patamu. Jenereta ikiwashwa, kinanda huamka kikiwa kimesahau yote kiliyopangiwa, na wimbo ulioanza kwa tarumbeta humalizikia kwa piano.

Uteuzi wa nyimbo nao unataka busara ya mzee wa baraza. "Sina Makosa" wa Les Wanyika ni wimbo mtamu, lakini ukipigwa mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina, ukumbi mzima humgeukia. "Shauri Yako" wa Orchestra Super Mazembe haumfai mgeni rasmi aliyetoka kuahidi kwamba hundi itafuata. "Mario" wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985, unahusu kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha, na hauanzishwi kabla ya kuangalia ni nani na nani wameketi meza ya mbele. Ukishaanza ni takriban robo saa, na hakuna njia ya kujificha. Waimbaji wengi huukariri kwa sikio, hivyo Kilingala chao hupita salama mpaka atokee Mkongo mmoja, muuza vitenge, anayesikiliza huku uso umemkunjamana. Waliotoka hotelini moja kwa moja hujisahau na kufungua kwa "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, wakiwakaribisha Kenya watu waliozaliwa umbali wa nyumba tatu kutoka hapo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hadhira yenyewe. Wimbo wa zilipendwa una wenyewe, na wenyewe ni kila mtu aliyeucheza siku ya harusi yake. Mzee atanyanyuka na bakora yake, atafika hadi kwa mpiga gitaa la solo katikati ya ubeti na kumnong'oneza, "Mwanangu, hapo kuna kidole umekiruka." Mara nyingi huwa amesema kweli.

Mshereheshaji naye husubiri sebene. Magitaa yakianza kujibizana na watu wakijaa uwanjani, ndipo anapokata muziki kutangaza kwamba kuna gari limefunga njia. Tena huagiza bendi impigie kila mchangaji kipande kidogo. Aliyetoa shilingi elfu kumi hupigiwa sekunde chache na kurudi kitini. Aliyetoa hamsini hukataa kuondoka mpaka apigiwe wimbo mzima.

Fedha ndizo humaliza mchezo. Mbuzi hununuliwa kwenye mnada, mnunuzi humrudisha kama mchango, naye huuzwa tena; ikifika usiku wa manane ameingiza fedha nyingi kuliko malipo yote ya bendi. Mwimbaji akituzwa, noti hubandikwa kwenye paji la uso wake, na mweka hazina huibandua kabla ya jasho kukauka, kwa hoja kwamba usiku huu kila kitu ni cha zahanati. Pilau hupakuliwa kwa wageni, kwa kamati, kwa jirani wa kamati, kisha bendi huitiwa ukoko.

Kamati inayotaka usiku upite salama ilipe arubuni wiki moja kabla, iwalishe wanamuziki kabla hawajapanda jukwaani, na impe kiongozi wa bendi ratiba ya hotuba ili ajue wimbo gani usimfuate nani. Petroli ya jenereta inunuliwe mchana, kabla vituo havijafungwa.