Chambo cha Kumnasa Mvuvi

Mvuvi wa samaki aina ya besi nchini Marekani ni mtu aliyekamilika. Mashua yake ina injini ya nguvu farasi 250, sona inayomwonyesha samaki alikojificha, na makasha ya chambo bandia cha kila rangi, rangi ambazo kwanza humnasa mwenye pochi. Akimpata besi humpima, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini. Samaki huenda zake. Mkopo wa mashua hubaki.

Mwaka 1932, huko Georgia, George Perry aliingia Ziwa Montgomery kwa mashua ya kuunda nyumbani, yeye na mwenzake wakipokezana fimbo moja na chambo kimoja. Akavua besi wa kilo 10 na ushei, akampeleka nyumbani, samaki akaliwa. Hadi leo rekodi hiyo ya uzito kwa besi wa aina hiyo haijapitwa; Manabu Kurita aliifikia tu mwaka 2009, katika Ziwa Biwa, Japani.

Kwa hiyo bwana mkubwa, nunua utakacho. Ila hilo jaketi la kujiokolea ulilolifanya mto wa kukalia lina mikanda, ifunge kifuani. Na ule ugwe unaozima injini unapochomoka usukanini, sheria ya Marekani tangu 2021 inautaka mwilini mwako mashua iendapo kasi, si uning'inie pale kama hirizi. Besi unamrudisha majini akiwa hai. Mfanyie na mkeo hisani hiyo: rudi nchi kavu ukiwa hai.