Sifa za Ctrl na C

Wapo wanaoisifu chai ya Kericho na wapo wanaosifu baridi ya Bomet. Mimi leo nasifu vitufe viwili vinavyosingiziwa mengi, Ctrl na C, kwa kuwa sijaona mwingine anayekata shauri upesi kama vyenyewe.

Mtazame karani wa chai pale Litein, mbele ya dirisha jeusi la maandishi, programu ikijumlisha kilo za majani za mwezi mzima. Anataka kunakili nambari ya mkulima mmoja. Mkono unafanya uliyoyazoea kwenye Windows. Kumbe katika dirisha lile vitufe hivyo hutuma ishara nambari 2 ya Unix, ile ya kukatiza, na programu isiyojiandaa kuipokea hufa papo hapo. Hakuna kikao, hakuna sahihi tatu, hakuna "njoo kesho". Ofisi gani imewahi kutuhudumia kwa kasi hiyo? Tena havina upendeleo: mwenye ekari ishirini na mwenye kishamba nyuma ya jiko huathirika sawa, kama wanavyoathirika mvua ya mawe ikishuka.

Wapinzani wanataka programu iulize kwanza, "Una uhakika?" Mzaha huo! Swali likiulizwa kila mara, kidole hujifunza kujibu "ndiyo" kabla jicho halijasoma. Msiba ni ule ule, ila sasa una idhini ya marehemu.

Wajanja zaidi wanatuletea dirisha la amri la Node.js: ukibonyeza mara ya kwanza, linakuarifu tu kwamba ukitaka kutoka ubonyeze tena. Eti kidole kinachoteleza huteleza mara moja. Nano nayo, programu ya kuhariri maandishi, ukiifunga huuliza kuhusu kuhifadhi pale tu ulipobadilisha kitu.

Hata huduma ya Hakikisha ya M-Pesa imetusaliti. Mkulima wa Mogogosiek akimtumia mchumaji malipo, huonyeshwa jina la mpokeaji, na kwa sekunde chache herufi yoyote atakayotuma husitisha muamala. Yaani kidole kilichoua Litein, huku kinaokoa!

Nawaonya waandishi wa programu. Mkianza kutenganisha kusitisha kazi na kufunga programu, mkauliza pale tu penye cha kupotea, makarani watatoka kazini saa kumi na moja kama watu wengine, hesabu za bonasi hazitarudiwa, na waheshimiwa wangu wawili watabaki bila kazi ya maana.